Soksi Moja Nyekundu

Kidole kilishuka.

Wale mlioomba wiki nzima Marvella asibonyeze, poleni. Mwanamke wa miaka sabini na tatu, aliyewapikia wanafunzi miaka thelathini bila kumwogopa mwalimu hata mmoja, hazuiwi kwa maombi ya wasomaji. Alibonyeza, na maneno yake yakatua kwenye Baraza la Kambare, kijiwe cha mtandaoni ambako wazee wanaoipenda timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Tolliver hukutana kutaniana:

"Jogoo Mkuu 71, nisome vizuri. Kesho mkitufunga mara ya kumi na mbili mfululizo, nafuta jina langu hapa barazani, na kila neno lililowahi kuandikwa kwa jina hilo. Tukiwafunga sisi, unaweka picha ya kambare badala ya hilo lijogoo lako. Mwaka mzima."

Jogoo Mkuu 71 ni shabiki wa Chuo cha Gaskin, ambacho timu yake huitwa Jogoo, kama ya Tolliver inavyoitwa Kambare. Kwa miaka minane amekuwa akiingia kwenye baraza la wapinzani wake kuwachokoza, na hakuna anayemjua kwa sura. Alijibu papo hapo.

"Nimekubali, Mvuvi. Niandalie na mafuta ya kumkaangia huyo kambare wako."

Mvuvi ndilo jina la Marvella barazani.

Jina hilo halikuwa lake peke yake. Marehemu mumewe, Hollis, ndiye aliyelifungua miaka kumi na tisa iliyopita. Miaka kumi na minne aliandika yeye. Alipofariki, Marvella akakaa kwenye kiti kilekile, akaandika kwa jina lilelile. Utani wote wa Hollis umo humo. Umo ugomvi wake na waamuzi. Imo hadithi ya siku alipoteleza kwenye ngazi za uwanja akiwa na mkate wa nyama ya nguruwe pana kuliko sahani, akaanguka yeye, mkate ukabaki juu.

Kulifuta jina ni kumfuta Hollis.

Simu ikalia. Alikuwa Lowell Dietz, mwalimu mkuu mstaafu, msimamizi wa baraza.

"Marvella, mwenzangu, umekunywa nini?"

"Chai."

"Basi hiyo chai ina kasoro. Sikiliza. Naweza kuliondoa hilo andiko sasa hivi. Watu sita tu ndio wamelisoma."

"Na Jogoo ni mmoja wao."

"Nitamwambia mtambo uliharibika."

"Lowell, wewe ulikuwa unawaadhibu watoto wakisema uongo."

"Nimestaafu."

"Mimi sijastaafu. Libandike juu kabisa, kila anayeingia alione."

Lowell akavuta pumzi. "Basi walau nikutolee nakala za maandishi ya Hollis. Mashine ninayo hapa nyumbani, na karatasi zipo."

Marvella akafumba macho. Msidhani hakuwa amelifikiria hilo. Alilifikiria kabla Lowell hajapiga simu, na akaona aibu.

"Hapana," alisema. "Nikishaficha nakala kabatini, nimeweka nini mezani? Nimeweka hewa. Yule mtu anatucheka miaka mitano sasa, anasema sisi tunajua kuongea tu. Libandike, Lowell, au nitamwomba Orville anifundishe kulibandika mwenyewe."

"Orville hajui hata kuwasha taa."

"Ndiyo maana ni afadhali ulibandike wewe."

Likabandikwa. Baraza likawaka.

"Mvuvi, dada yangu," aliandika Orville Pruitt, dereva mstaafu wa lori la nafaka, miaka themanini na moja, "ungeweka jino. Jino linapatikana jingine."

"Utajuaje, Orville, na huna hata moja la kwako?"

"Haya yangu nimeyanunua, kwa hiyo ni yangu kuliko yako."

Waliokuwa barazani wakacheka. Marvella naye akacheka, peke yake jikoni. Kisha akazima simu na kukaa muda mrefu akiutazama mlango wa gereji.

Gerejini, kwenye msumari, kulikuwa na soksi moja nyekundu.

Nyekundu ni rangi ya Gaskin. Kambare huvaa kijani. Lakini kila siku ya mechi na Gaskin, Hollis aliivaa soksi ile mguu wa kushoto na nyeusi mguu wa kulia. Ukimuuliza, alijibu, "Ili niwakanyage tangu asubuhi." Aliifua mwenyewe kwa mkono na kuianika mwenyewe. Mashine, alisema, inaua bahati. Kwa miaka arobaini na sita ya ndoa, Marvella hakuruhusiwa kuigusa.

Jumamosi asubuhi aliitungua. Upindo wa juu ulikuwa umekunjwa na kushikizwa kwa uzi, kama Hollis alivyouacha. Akaivaa hivyohivyo.

Halafu akafanya jambo la pili ambalo hakuwahi kulifanya.

Barazani, kila mechi hufunguliwa uzi wake, watu waandike humo mpaka kipenga cha mwisho. Uzi wa mechi ya Gaskin ulikuwa wa Hollis, na maneno ya kuufungua yalikuwa yaleyale kila mwaka. Tangu afe, wamefungua wengine, na mechi zote kumi na moja wamefungwa. Kila mara walimwomba Marvella afungue. Kila mara alikataa. Yale yalikuwa maneno ya mtu, si ya kuazima.

Saa nane kasoro dakika tano mchana, theluji ikipiga dirisha, aliandika:

"Vueni viatu, kaeni chini, fungeni midomo. Sisi ndio Kambare."



"Mungu wangu," akaandika Lowell. "Amefungua."

"Nimevua viatu," akaandika Orville. "Mke wangu anasema nivivae tena."

"Hata mkivua ngozi mtafungwa," akaandika Jogoo.

Mpira ukarushwa juu.

Hapa kuna jambo moja msomaji alishike. Mechi ilikuwa ugenini, Gaskin, na barabara zilikuwa zimejaa theluji. Wengi waliitazama kwenye kompyuta, na picha ya kompyuta huchelewa sekunde arobaini nyuma ya redio. Kwa hiyo sheria ya baraza ni kali: wa redio ahesabu hadi arobaini kabla hajaandika kitu. Asipohesabu, anawaharibia wenzake utamu.

Orville ni wa redio. Shambani kwake mtandao unabeba maneno, picha unaziacha njiani. Na Orville hajawahi kufika hata kumi. Timu ikifunga, mkono unamtoka. Timu ikifungwa, ananyamaza. Adhabu ya kuvunja sheria ni kujipiga picha umevaa sufuria kichwani, na baraza zima linazijua sufuria zote za mke wa Orville, hata ile yenye mpini uliovunjika.

Hadi mapumziko Gaskin walikuwa mbele kwa pointi kumi na mbili.

"Mvuvi," akaandika Jogoo, "umeshaanza kufungasha?"

"Nachemsha maji ya kukunyonyolea manyoya."

"Yachemshe polepole. Kuna nusu nzima ya mateso."

"Wewe kaa hapohapo. Usiende mbali na sufuria."

"Sufuria zote anazo Orville," akaandika Lowell.

Kipindi cha pili, Kambare wakaja juu. Tofauti ikawa kumi. Ikawa saba. Marvella alikuwa na kompyuta mbele yake kwa ajili ya mechi na simu mkononi kwa ajili ya baraza.

"HEHEEE," akaandika Orville.

"Orville, hesabu," watu wanane wakamjibu kwa pamoja.

Sekunde arobaini baadaye, kwenye kompyuta ya Marvella, kijana wa Oberholtz, nambari kumi na nne, akafunga kutoka mbali. Tofauti nne.

"Sufuria ya kwanza," akaandika Lowell.

Dakika mbili zikapita. "Wacha nisiseme," akaandika Orville.

"Umeshasema."

"Sijasema. Nimesema nisiseme."

Oberholtz akafunga tena. Tofauti mbili.

"Sufuria ya pili. Ikifika ya tatu, nakufungia wiki."

Zikabaki dakika moja na sekunde chache. Gaskin sitini na nane, Tolliver sitini na saba.

Jogoo akaandika, bila utani safari hii: "Wakuu, dakika ya mwisho nazima simu na redio. Daktari ameniwekea betri kifuani. Si ya kuchezea. Nikiwasha nitaikuta habari."

"Zima, mzee," akaandika Marvella. "Nataka uwe hai unapobadilisha picha."

Sekunde tisa. Mpira wa Kambare. Oberholtz akaupokea pembeni, akainua kichwa.

Picha ikaganda.

Kijana wa watu akabaki amesimama na mguu mmoja hewani. Katikati ya kioo kiduara kidogo kikaanza kuzunguka. Marvella akaipiga kompyuta kofi. Kiduara kikazunguka.

Akaitazama simu. Orville alikuwa sekunde arobaini mbele ya wote. Orville alikuwa ameshajua.

Orville hakuandika.

Marvella akahesabu pumzi zake. Hakuna "hehee". Hakuna "wacha nisiseme". Mtu asiyewahi kuushika mkono wake alikuwa ameushika, na mchana kutwa kimya cha Orville kilikuwa na maana moja tu.

Wamefungwa.

Angeweza kusubiri picha irudi. Lakini Jogoo angewasha simu. Wenzake wangeanza kumbembeleza, Lowell angeleta habari za mtambo kuharibika. Hakutaka kusukumwa mlangoni, na hakutaka kushikwa mkono. Aliyetamka ni yeye, atatoka mwenyewe, kichwa juu.

Akafungua ukurasa wa jina lake. Futa jina. Una hakika? Maandishi yote yatatoweka.

"Samahani, Hollis," alisema kwa sauti. "Ungefanya hivihivi."

Akabonyeza Ndiyo.

Kompyuta ikakohoa. Kiduara kikapotea. Oberholtz akaushusha ule mguu, akaruka, akaachia mpira. Mpira ukagonga chuma. Ukaruka juu. Ukagonga tena. Ukaingia.

Kipenga.

Tolliver sitini na tisa, Gaskin sitini na nane.

Marvella akabaki mdomo wazi. Barazani, kwenye kile kioo kidogo cha simu, wazee walikuwa wameanza kurukaruka kwa maneno. "TUMESHINDA." "Mvuvi uko wapi." "Mvuvi, njoo." Halafu, mbele ya macho yake, uzi mzima ukatoweka. Aliyeufungua hayupo tena, na uzi ukaondoka naye, pamoja na watu sitini waliokuwa wanashangilia ndani.

"Nani amezima taa?" mmoja akafungua uzi mpya.

"Nilikuwa katikati ya sentensi," akalalamika mwingine.

Akafika Orville. "Sekunde arobaini. Nimehesabu zote arobaini. Mara ya kwanza maishani mwangu, kwa heshima ya Mvuvi, nimekaa juu ya mikono yangu nikahesabu. Namaliza, naandika, uzi haupo. Ndivyo mnavyonilipa?"

Marvella alisoma. Alitaka kumjibu. Chini ya andiko la Orville, mahali pa kuandikia, paliandikwa: Wewe ni mgeni. Wageni husoma tu.

Simu ikalia.

"Umefanya nini?" alisema Lowell.

"Nilidhani tumefungwa. Orville alinyamaza."

"Orville alinyamaza," Lowell akarudia polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Miaka yote hii namwomba anyamaze."

"Nirudishe."

"Mtambo unalishikilia jina dakika thelathini kabla ya kulitupa. Zimebaki ishirini na moja. Lakini mimi sina ufunguo. Unataka jibu la swali la siri aliloweka Hollis siku ya kwanza. Unajaribu mara tatu, basi."

"Niulize."

"Marvella, una uhakika unataka? Watasema ulitoa neno ukalirudisha."

"Nilisema tukifungwa. Tumefungwa?"

"Hapana."

"Basi lile ni jina langu na nalitaka. Uliza."

Akasikia Lowell akirekebisha miwani.

"Hollis ameandika hivi: 'Kabla sijawa Kambare, nilikuwa nani?'"

Marvella akakunja uso. Hollis alikuwa Kambare tangu tumboni, alilisema hilo hata siku ya harusi yao. Lakini alizaliwa shambani.

"Mkulima."

Vidole vya Lowell vikagonga. "Siyo. Zimebaki mbili."

Kabla ya chuo alikaa jeshini mwaka mmoja, akipika viazi.

"Mwanajeshi."

"Siyo. Marvella, fikiri. Dakika kumi na sita."

Alifikiri. Alipita kila chumba cha ile miaka arobaini na sita, akafungua kila droo. Kila Hollis aliyemkuta amevaa kijani. Hasira ikampanda. Mtu unalala naye, unamzika, halafu anakuachia swali. Akaivua soksi ile aitupe ukutani. Akaivuta kwa nguvu, na uzi uliokuwa umeshikiza upindo ukakatika.

Upindo ukafunguka.

Ndani yake, kwa uzi wa manjano, mkono wa mtu ulikuwa umeshona jogoo mdogo. Ana kilemba, ana mkia, mdomo wazi anawika.

Hakuwa akiwakanyaga. Hakuwahi kuwakanyaga hata siku moja.

"Marvella? Upo?"

"Hollis," alisema, lakini hakuwa akimwambia Lowell. "Mshenzi wewe."

"Dakika kumi na tatu."

"Andika Jogoo."

Lowell akashusha sauti. "Marvella, hili ni la mwisho. Hollis? Hollis wetu?"

"Andika."

Vidole vikagonga mara tano. Kisha simu ya Marvella ikatetemeka, na pale palipokuwa pameandikwa mgeni pakaandikwa: Karibu tena, Mvuvi. Maandishi yakaanza kurudi, moja baada ya jingine, ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya Hollis, mkate wa nyama ukiwa bado juu na yeye chini.

Marvella akajipangusa macho kwa soksi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi. Akaandika:

"Nani alizima taa? Mimi. Nani amewasha? Mimi. Endeleeni."

Wakamshangilia. Orville akatuma picha amevaa sufuria mbili kwa mpigo, ya tatu ameikumbatia, ingawa ya tatu hakustahili. Na hapo akaingia Jogoo Mkuu 71. Lile lijogoo lake halikuwepo. Kambare mnene mwenye ndevu alikuwa amekaa mahali pake.

"Nilikubali, nimetimiza," aliandika. "Betri inapiga bado. Hongera, Mvuvi. Ila nasikia ulifuta jina wakati mmeshinda. Hilo nitalisimulia mpaka nife."

"Lisimulie vizuri, basi," Marvella akajibu.

"Umelirudishaje?" mtu akauliza.

Lowell akamtumia ujumbe pembeni: Huna haja ya kusema. Nitawaambia mtambo uliharibika.

Marvella akautazama ujumbe ule. Akaitazama soksi. Angeweza kuukunja ule upindo, kuushona upya, kuirudisha msumarini, na hakuna ambaye angejua.

"Wakuu, kaeni chini," aliandika. "Hollis alikuwa Jogoo kabla hajawa Kambare. Nimeishi naye miaka arobaini na sita, nimejua leo alasiri. Mwenye la kusema aniambie mimi. Yeye hayupo kujitetea."



"Ndiyo maana alikuwa anaamka mapema," akaandika Orville.

"Na alikuwa na kifua mbele," akaongeza mwingine.

"Tumfukuze?" akauliza Lowell.

"Jaribuni," akaandika Marvella.

Wakacheka, akacheka nao, na kwa dakika kadhaa ilikuwa Jumamosi nzuri kuliko zote katika miaka mitano. Ni Jogoo tu ambaye hakucheka. Alipoandika tena, aliandika kidogo.

"Ulijuaje?"

"Soksi. Nyekundu. Aliivaa kila tukicheza nanyi. Ndani imeshonwa jogoo wa manjano."

"Moja au mbili?"

"Moja. Tangu tuoane ni moja."

"Mguu gani?"

Marvella akahisi baridi kwenye unyayo wake mtupu.

"Wa kushoto. Kwa nini?"

Ilionekana anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha.

"Kwa sababu ya kulia ninayo mimi," akaandika Jogoo Mkuu. "Tangu 1971."

Lowell hakuandika neno. Orville hakuandika neno. Na safari hii hapakuwa na aliyekuwa anahesabu.